Simba wa Kweli na Simba wa Chicago: Habari za Picha Ziendazo za Marekani

Hapana shaka wasomaji wetu wengi wa Same, Gonja, Usangi, Mbaga na Suji wamekwisha kuona picha ziendazo, ambazo kwa kawaida huitwa sinema. Walio wengi huzitazama, hucheka, huogopa kidogo, kisha hurudi nyumbani. Wachache ndio waulizao zilianza wapi, na kwa nini zimekuwa za namna nyingi, na je, yale yaonekanayo katika picha yalitokea kweli au yalitungwa? Swali hili la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Nchi zetu hizi za Afrika ya Mashariki zilipigwa picha kwa ajili ya Wamarekani mapema sana, na mambo yaliyosemwa juu yetu katika picha hizo yaliaminiwa na watu wengi mno ambao hawakupata kuiona Afrika kwa macho yao.

Kwanza msomaji afahamu kwamba picha ziendazo haziendi. Mtu akizungusha kijinga cha moto usiku kwa upesi, aliye mbali huona pete ya moto, kumbe pete haipo. Lipo kaa moja tu, na macho ndiyo yanayoiunganisha njia lililopita. Sinema nayo huwadanganya macho vivyo hivyo. Kamera hupiga picha nyingi ndogo ndogo, moja baada ya moja, juu ya utepe mrefu. Zamani zilikuwa kama 16 kwa sekunde moja, na tangu picha zilipopata sauti zikawa 24. Kila moja imesimama kimya kama picha ya ukutani. Mashine ya kuonyesha huziangaza juu ya kitambaa cheupe moja moja, huku kipande cha chuma kikiziba nuru kila utepe unaposogea, na kichwa cha mtazamaji humaliza kazi iliyobaki. Katika futi moja ya utepe wa kawaida mna picha 16. Basi utepe wa futi 1,000, ambao hapo kale ulitosha hadithi nzima, ulichukua picha 16,000, nao uliisha kwa muda wa robo saa na kitu kidogo. Tena utepe ule wa kwanza ulifanywa kwa kitu kishikacho moto upesi kuliko nyasi za kiangazi, na majumba mengi ya sinema yaliteketea kwa sababu hiyo.

Marekani kazi hii ilianzia katika karakana za Thomas Edison, yule yule aliyejulikana kwa santuri na taa za umeme. Msaidizi wake, W. K. L. Dickson, ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi yenyewe, ijapokuwa sifa zilimwendea bwana wake, kama ilivyo desturi ya dunia. Mwaka 1893 walijenga kibanda cheusi huko West Orange, katika jimbo la New Jersey. Kibanda hicho kiliweza kugeuzwa chote kulifuata jua, na paa lake lilifunguliwa ili nuru iingie. Mwezi wa Aprili 1894 likafunguliwa duka mjini New York, watu wakachungulia picha mmoja mmoja katika tundu la sanduku. Huko Paris ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu waliolipa picha zao juu ya kitambaa tarehe 28 Desemba 1895, watu wengi wakitazama kwa pamoja. Na tarehe 23 Aprili 1896 watu wa New York nao wakaonyeshwa hivyo kwa mashine iliyotolewa kwa jina la Edison.

Picha hizo za kwanza hazikuwa na hadithi. Zilikuwa za dakika moja, au chini ya hapo: mtu apiga chafya, mwanamke acheza ngoma, mabondia wapigana, mawimbi ya bahari yapiga ukuta. Watu walitoa fedha kutazama kitu chochote kitikisikacho. Lakini ajabu haikai siku nyingi. Reli ya Tanga ilipokuwa ikipita chini ya milima ya Upare kwenda Moshi, kabla ya vita ya 1914, bila shaka watu waliteremka kulitazama garimoshi. Baada ya mwaka mmoja, mwenye kulima hakuinua hata kichwa. Wenye sinema waliona hasara hiyo hiyo. Ikawapasa kutafuta kitu kingine cha kuwaita watu, nacho kikawa ni hadithi.

Edwin S. Porter, aliyekuwa akifanya kazi kwa Edison, mwaka 1903 alitoa picha ya dakika kama 12 iitwayo The Great Train Robbery, maana yake unyang'anyi mkuu wa garimoshi. Wanyang'anyi wamfunga kamba mpiga simu wa stesheni, wasimamisha garimoshi, wawapanga abiria na kuwapokonya, kisha wakimbia kwa farasi. Raia wawafuata na kuwaua. Kulikuwa na kipande kimoja ambamo mnyang'anyi awaelekezea watazamaji bastola na kupiga risasi. Mambo hayo yote yalitungwa, tena sehemu kubwa ilipigwa New Jersey, mbali kabisa na nyika za magharibi zilizosemwa. Lakini farasi, moshi na garimoshi vilikuwa vya kweli. Hapo wenye sinema walijifunza siri yao kubwa, ya kuwa vitu vya kweli vikipangwa vizuri huweza kusimulia uongo, na uongo huo ukaaminiwa.

Mwezi wa Juni 1905 likafunguliwa mjini Pittsburgh jumba dogo la picha ambalo kiingilio chake kilikuwa senti tano. Baada ya miaka michache majumba ya namna hiyo yalikuwa maelfu katika nchi nzima. Wateja wake wengi walikuwa wafanya kazi wa viwandani, na wengi wao wageni kutoka Ulaya wasiokijua Kiingereza vema, nao waliweza kuzifuata picha kwa kuwa hazikuwa na sauti, na maneno ya kusoma yalikuwa machache. Sasa jumba la senti tano lilibadili picha mara nyingi kwa juma, na mahali pengine kila siku, na hapo ndipo namna za picha zilipopata nguvu. Mwenye jumba alikodi tepe nyingi bila kuziona, akataka kujua atawaambia nini watu mlangoni. Akiweza kusema, "Leo ni ya wapanda farasi," au, "Leo ni ya kuchekesha," ilitosha. Mtu aendaye gulioni ajua upande huu ni wa ndizi za mlimani na upande ule ni wa mbuzi na samli ya tambarare. Hapotezi muda wake kuuliza. Namna ya picha ilikuwa ahadi ya mchuuzi kwa mnunuzi.

Basi zikaja picha za wachunga ng'ombe wenye bastola, na mmoja wa wachezaji wa ile picha ya garimoshi, aliyejiita Broncho Billy Anderson, akawa maarufu kwa hizo. Zikaja picha za kufukuzana, na mwaka 1912 kampuni ya Mack Sennett ikaanza kuchekesha watu kwa askari wa polisi wajinga waangukao kila pembe. Katika kampuni hiyo aliingia kijana wa Kiingereza, Charlie Chaplin, ambaye mwaka 1914 alivaa suruali pana, viatu vikubwa na kofia ndogo, akashika bakora, na baada ya muda mfupi alijulikana dunia nzima. Katika Kiswahili mtu wa kuchekesha huitwa chale; msomaji alisikilize neno hilo mwenyewe. Kiasi cha mwaka 1910 kampuni nyingi zilianza kuhamia California, ambako jua lipo karibu mwaka mzima, na milima, jangwa na bahari vimekaribiana. Mji mdogo wa Hollywood ukawa jina la kazi yote.

Mtu aliyezifundisha picha kusema hasa alikuwa D. W. Griffith. Kati ya 1908 na 1913 alifanya picha fupi zaidi ya 400. Alikuwa hodari wa kuisogeza kamera karibu mpaka machozi ya mchezaji yaonekane, na wa kuonyesha mahali pawili kwa kupokezana, mtu aliye hatarini hapa na mwokozi wake aendaye mbio kule, mpaka moyo wa mtazamaji upige kwa nguvu. Lakini ustadi si uadilifu. Mwaka 1915 Griffith alitoa picha ya saa tatu hivi iitwayo The Birth of a Nation, ambayo iliwasingizia Wamarekani weusi mambo mabaya mno na kuwasifu wale wapanda farasi waliojifunika nguo nyeupe, Ku Klux Klan, waliokuwa wakiwatesa na kuwaua. Chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, NAACP, kilisimama kuipinga katika miji mingi. Hata hivyo watu walijaa kuitazama, na mwaka ule ule Klan, ambayo ilikuwa imekwisha kufa, ikaanzishwa upya. Asiyeamini kwamba picha inaweza kuumiza watu azingatie habari hiyo.

Sasa na tuigeukie namna moja ya picha inayotuhusu sisi wenyewe, yaani picha za Afrika, ambazo Wamarekani walizipenda tangu mapema.

Mwezi wa Machi 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza urais wa Marekani majuma machache tu yaliyopita, alianza safari ya kuja kuwinda, akafika Mombasa mwezi wa Aprili. William Selig, mwenye kampuni ya picha mjini Chicago, alitaka mpiga picha wake aende pamoja naye, asifanikiwe. Hakukata tamaa. Alinunua simba. Alipanga mimea ya nchi za joto ndani ya studio yake, akamtafuta mchezaji wa kufanana na Roosevelt, mwenye masharubu na miwani, akawaajiri Wamarekani weusi wa Chicago wawe wapagazi, na simba yule akapigwa risasi mbele ya kamera. Kisha Selig akangoja. Habari zilipofika Marekani kwamba Roosevelt ameua simba Afrika, akaitoa picha yake, jina lake Hunting Big Game in Africa. Hakumtaja Roosevelt, alijua kwamba watu watamtaja wenyewe.

Tazama sasa yaliyompata msema kweli. Mwingereza Cherry Kearton, mpiga picha hodari wa ndege na wanyama, alikutana na Roosevelt katika nchi ambayo leo ni Kenya, akampiga picha mwaka huo huo wa 1909. Picha zake zilionyeshwa Marekani mwezi wa Aprili 1910. Mlikuwamo safari yenyewe, watu wenyewe na nchi yenyewe, lakini hapakuwa na simba aangukaye mbele ya macho ya watazamaji, na wengi waliiona picha hiyo kuwa ya kuchosha. Simba wa Chicago alimshinda simba wa kweli.

Mzee yeyote wa Kisiwani au Ndungu, aliyechunga ng'ombe kandokando ya nyika ya Mkomazi, angeweza kuwaeleza Wamarekani sababu. Simba wa kweli hulala chini ya mti karibu mchana kutwa. Huja usiku, hana adabu ya kungoja mpaka kamera ipangwe, na akiwaona watu wengi wenye vyombo hujiondokea zake. Kamera za siku zile zilitaka jua kali, na simba apenda giza. Kwa hiyo aliyetaka simba mkali mchana, na karibu, na kwa siku aliyoipanga, ilimpasa ama kumfungia ama kumchokoza. Katika picha nyingi za uwindaji za zamani, pale mnyama anapomrukia mwenye kamera, si vibaya mtazamaji kujiuliza alikuwa amefanywa nini kabla ya hapo.

Hata hivyo haki isemwe: mara nyingine ukweli ulilipa. Mwaka 1912 ilitolewa picha ya safari ya tajiri mmoja wa Marekani, Paul J. Rainey, iliyopigwa katika nchi ya Kenya ya leo. Mlikuwamo uwindaji wa mbwa, lakini kipande kilichowavuta watu sana kilikuwa cha bwawa la maji wakati wa ukame: mpiga picha alijificha, wanyama wakaja kunywa, namna moja baada ya nyingine, wakisukumana na kuogopana. Hapakuwa na hadithi hapo, ila kiu. Picha hiyo ilionyeshwa New York kwa miezi mingi. Baadaye Martin na Osa Johnson, mume na mke wa Kansas, walikaa miaka kadhaa karibu na ziwa moja katika mlima wa Marsabit wakipiga picha za wanyama, na mwaka 1928 wakatoa picha iitwayo Simba. Mwaka 1935 walitoa Baboona, iliyopigwa kwa sehemu kutoka angani, kwa maana walikuja na ndege mbili, wakaruka juu ya nyika na milima yetu mikubwa. Uhodari wao katika kupiga wanyama haukanushiki. Lakini wenyeji walipotokea katika picha zao, mara nyingi walitokea ili wachekwe, na maneno yaliyoandikwa chini yao yalikuwa ya dharau.

Uongo mkubwa kuliko wote ulitolewa mwaka 1930, jina lake Ingagi. Picha hii ilidai kuwa ni habari za kweli za msafara uliokwenda Kongo na kuwaona wanawake waishio na masokwe. Sokwe mwenyewe alikuwa mtu aliyevaa ngozi. Wanawake walikuwa wachezaji wa Los Angeles. Na mnyama mmoja mgeni aliyesemwa kuwa amegunduliwa na msafara huo alikuwa kobe aliyegandishwa magamba, mkia na mabawa. Kobe! Mtoto wa Makanya achungaye mbuzi angemtambua kwa mwendo wake tu. Picha hiyo ilipata fedha nyingi sana kabla ya tume ya serikali ya Marekani kuwakataza wenyewe, mwaka 1933, wasiiite ya kweli.

Mwaka uliofuata Ingagi, yaani 1931, kampuni kubwa ya Metro-Goldwyn-Mayer ilitoa Trader Horn. Hii walikuja kweli kuipiga Afrika mwaka 1929, katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, wakikaa miezi mingi, wengine wakiugua vibaya. Mkubwa wao alikuwa W. S. Van Dyke. Basi mito, mamba na maporomoko vilikuwa vya kweli, ila hadithi ilikuwa ya binti wa Kizungu anayeabudiwa na kabila la porini kama mungu. Mchezaji mmoja Mwafrika, Mutia Omoolu, alipewa sehemu kubwa, akapelekwa mpaka California kumaliza kazi; lakini sehemu hiyo ni ya mtumishi mchukua bunduki, anayekufa kwa ajili ya bwana wake. Vipande vilivyosalia vya picha hii havikutupwa. Vilitiwa katika picha ya Tarzan ya mwaka 1932, ambayo wachezaji wake wakuu waliigiza huko California; na Tarzan wa kwanza, wa 1918, alikuwa amepigwa katika misitu ya Louisiana. Hivyo namna nzima ya picha ilijengwa, ya Afrika ambayo ni msitu mtupu.

Katika picha hizo kazi za Mwafrika zilikuwa chache: kubeba mzigo, kupiga ngoma, kukimbia, kutisha. Mkulima hakuwamo. Hamkuwa na mfereji uteremkao kilimani, wala ndiva ya maji ambayo ukoo mzima umeijenga na kuitunza na kugawana maji yake kwa zamu. Hamkuwa na mfua chuma wa Ugweno, wala gulio, wala shule. Mmarekani aliyeketi gizani na kutoa senti zake hakuambiwa kwamba vitu hivyo vipo.

Tarehe 6 Oktoba 1927 ilionyeshwa New York picha iitwayo The Jazz Singer, ambayo ndani yake mchezaji aliimba na kusema, na baada ya miaka michache picha za kimya zilikwisha. Namna mpya zikafuata: za nyimbo na kucheza, za majambazi wa mijini, na tangu 1931 za mizimu na mazimwi. Lakini kwa watazamaji wa nchi zetu sauti ilileta na kizuizi. Chaplin wa kimya alieleweka Zanzibar sawasawa kama London. Mchezaji asemaye Kiingereza kwa upesi alieleweka na wachache. Ni sababu mojawapo iliyofanya picha za Kihindi zenye nyimbo kupendwa sana pwani baadaye, ijapokuwa lugha yake nayo ilikuwa ngeni, maana wimbo hauhitaji mkalimani.

Serikali za kikoloni nazo ziliziogopa picha za Marekani kwa sababu zao wenyewe. Hazikutaka Waafrika wawaone Wazungu wakiiba, wakilewa na kuuana, nazo ziliweka watu wa kukagua picha na kukata vipande. Kulikuwa na mabwana waliosema kwamba mtu wa shamba hawezi kabisa kufahamu picha ziendazo. Kimetajwa mara nyingi kisa cha watu walioonyeshwa mbu mkubwa kitambaani, wakasema kwao hakuna mbu wakubwa hivyo, hivyo hawana haja ya kuogopa. Kisa hicho kilirudiwa na wengi waliopenda kukisikia, na huenda waliokuwa wakitazama walikuwa wakifanya mzaha. Mwaka 1929 mtaalamu Julian Huxley alizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, akawaonyesha wanafunzi picha na kuwaamuru waandike waliyoyaona, na maandiko yao yakamridhisha kwamba wamefahamu.

Baada ya hapo likaanzishwa jambo ambalo wazee wa kwetu walipakana nalo. Msafiri atokaye Same kwenda Korogwe, akiisha kupita Hedaru, Buiko na Mombo, huiona milima ya Usambara upande wa kushoto; huko juu, karibu na Korogwe, ndiko Vugiri. Hapo, kati ya 1935 na 1937, palikuwa na makao ya kazi ya kutengeneza picha kwa ajili ya Waafrika wa vijijini, chini ya Baraza la Kimataifa la Misioni. Mpiga picha mkuu alikuwa Meja L. A. Notcutt, ambaye zamani alisimamia mashamba ya mkonge, na aliyefikiri hapo kwanza kwamba sinema ingewatuliza wafanya kazi wa mashambani. Fedha nyingi zilitoka kwa shirika la Carnegie la New York. Yaani fedha ya Marekani ilitumika kutengeneza picha za kushindana na picha za Marekani.

Walitumia utepe mwembamba wa milimita 16, usioshika moto upesi kama ule wa majumba makubwa, na mwepesi kuchukuliwa kwa gari. Waliusafisha huko huko mlimani. Sauti haikuwa ndani ya utepe; ilitiwa katika santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine za nchi walizozipitia, na mwendesha mashine alikuwa na taabu ya kuziweka santuri na picha pamoja, isije ikawa mtu afunga mdomo na sauti yaendelea. Gari lenye mashine ya umeme lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, likionyesha picha usiku katika viwanja vya wazi. Picha zilizofanywa zilikuwa 35. Nyingi zilikuwa za mafundisho: safura, malaria ya watoto, ngozi, mmomonyoko wa udongo. Lakini walijua kuwa mafundisho makavu hayamkalishi mtu kwenye baridi ya usiku, hivyo wakatunga na hadithi, hata moja ya kuchorwa, ya Sungura na Chui.

Iliyo mfano mzuri ni ile ya benki ya akiba ya posta. Wafanya kazi wawili wapata mshahara. Mmoja aficha fedha zake chini ya ardhi nyumbani, na mwizi aziiba. Mwenziwe apeleka zake posta, zasalimika. Ukiitazama kwa makini, mifupa yake ni ile ile ya Porter wa 1903: mali, mwizi, na hofu ya mtazamaji ajuaye yasiyojulikana na mwenye mali. Tofauti ni kwamba katika hadithi hii mashujaa walikuwa watu weusi, watu wa kazi, katika nyumba kama za kwetu. Kwa nchi hizi hilo lilikuwa jipya kabisa, nasi twaona kwamba ni sifa ya haki kuipa Vugiri, ijapokuwa waliochagua hadithi hawakuwa watu waliochezwa ndani yake.

Maana ilikuwapo pia picha ya kodi, yenye kueleza kwamba fedha ya kodi humrudia mtoaji kwa njia ya kazi za serikali. Miaka michache baadaye, mwaka 1945, maelfu ya Wapare waliteremka toka milimani wakakusanyika hapa Same, wakakaa siku nyingi, kuipinga kodi ya mbiru, iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu. Hawakukataa kodi, walikuwa tayari kulipa ile ya sawa kwa wote, iliyozoeleka. Walikataa kukadiriwa, na wakadiriaji, na jambo lililoletwa bila shauri lao. Mwaka 1946 wanawake nao waliandamana Usangi. Mwishowe kodi hiyo ikaondolewa. Mambo hayo yote yalikuwa ya kutosha picha ndefu kuliko ya Griffith, lakini hakuna picha ya Vugiri ingeweza kuyasema, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kueleza yaliyokwisha amriwa.

Kazi ya Vugiri ilikoma 1937 fedha zilipokwisha. Tangu 1939, kwa ajili ya vita, serikali ya Uingereza ilianzisha idara yake ya picha kwa makoloni, na magari ya sinema yakaendelea kuzunguka. Mwaka 1952 ilitolewa Tanganyika picha ya hadithi kwa Kiswahili, Muhogo Mchungu, na mchezaji wake mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, mtumishi wa serikali wakati ule, ambaye miaka kumi baadaye, 1962, alikuwa Waziri Mkuu wa nchi. Mwaka huo huo wa 1962 Wamarekani walitoa Hatari!, ya Howard Hawks, iliyopigwa upande wa Arusha, ambamo John Wayne na wenzake wawakamata wanyama kwa kamba kutoka juu ya magari. Vifaru wale walikuwa wa kweli, na mavumbi yale ni ya kweli. Wenyeji wa nchi bado walisimama nyuma.

Katika zile picha 35 za Vugiri, tatu ndizo zijulikanazo kuwa zimesalia, nazo zimehifadhiwa Uingereza: moja ya safura, moja ya Waafrika wanaofundishwa utabibu wa mifugo, na moja ya mashamba ya wakulima huko Kingolwira, karibu na Morogoro. Ya benki ya posta haimo, na ya kodi haimo.